Namba Arobaini na Moja

Miaka kumi na minane muuguzi mmoja alivaa namba thelathini na tisa, na leo viatu vilimkatalia. Alitaka vyeusi, vya soli laini, visivyoteleza kwenye sakafu yenye maji.

"Jaribu arobaini na moja, sista," alisema mzee muuza viatu, akipiga goti.

"Sijawahi kufika huko, mzee wangu. Ni kusimama tu, zamu mbili mfululizo."

Mzee alimshika juu ya kifundo cha mguu, kiatu kikaingia bila taabu. Alipoachia, dole gumba lake liliacha kishimo kwenye ngozi, kama kwenye unga uliokandwa.

Muuguzi akakitazama. Akahesabu kimoyomoyo, kama anavyowahesabia wagonjwa. Alifika ishirini, kishimo bado kipo. Yeye mwenyewe asingemruhusu mgonjwa mwenye mguu huo kurudi nyumbani kabla hajapimwa figo.

Akapandisha suruali mguu wa pili, akabonyeza mwenyewe.

"Vinabana?" mzee aliuliza.

"Havibani. Vimenikaa vizuri sana."

Aliondoka navyo miguuni. Hospitalini hakuingia kwa mlango wa wafanyakazi; alikwenda kupanga foleni na wagonjwa.