Nyaya Mbili

Umeme ulipokatika, Shomvi alikimbilia karakana yake ya uani, akawasha betri alizoziunganisha mwenyewe kwa ajili ya mashine ya oksijeni ya mkewe, Mwanakheri. Mashine ikaunguruma chumbani, kisha kimya. Lehemu ya nyaya za betri, aliyojisifia kwa majirani, ilikuwa imeachia, na chuma cha kulehemu nacho kinataka umeme uleule!

Akazibana kwa vidole nyaya mbili zilizoachana. Mashine ikaunguruma. Alipoachia, ikazimika. Akazibana tena, sasa zikimuunguza.

“Baba Salha,” Mwanakheri aliita ng’ambo ya ukuta, sauti nyembamba kama uzi. “Njoo unishike mkono.”

Harufu ya ngozi inayoungua ilianza kupanda.

“Nimekushika, Mama Salha,” akajibu, macho kayafumba. “Nimekushika.”