Sitini na Mmoja

Mkaguzi alihesabu vichwa mara mbili. Sitini na mmoja, sawasawa na daftari la mahudhurio. Mwaka jana, katika shule hii hii ya mtaa wa mabanda, alikuta thelathini na wanane tu, na wote walisoma kama wanakunywa maji.

"Wengine walikuwa wapi mwaka jana?" alimnong'oneza mwalimu mkuu.

"Tuliwaambia wabaki nyumbani, mama. Wale wasiojua kusoma. Tuliona aibu."

"Na leo?"

"Leo nimesema waje wote, liwalo na liwe."

Msichana wa dawati la nyuma alikuwa amesimama na kitabu. Kidole chake, chenye kucha iliyotafunwa, kilisukuma neno silabi kwa silabi. "Ki... ki-si... kisima." Hakuna aliyecheka. Jirani yake alishusha pumzi kana kwamba ndiye aliyesoma.

Mkaguzi alitazama fomu. Wastani wa kusoma ulikuwa umeporomoka, na shule ikiporomoka, mwalimu mkuu huondolewa. Chini palikuwa na nafasi ya maoni, ambayo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiiacha tupu.

"Mwalimu, naomba kiti," alisema. "Nina mengi ya kuandika."