Kabla Umeme Haujakatika

Saa kumi na mbili jioni ilipokaribia, Jumana aliweka kidole gumba juu ya kitufe, akasubiri. Kwenye skrini, fundi wa chombo chake cha angani alikuwa nje ya mlango, akigonga kwa kiganja. Hewa iliyobaki ndani ilimtosha mtu mmoja tu.

"Utamfungulia?" bibi yake aliuliza, huku akimenya maharagwe.

"Leo namwacha. Nataka kuona atasema nini."

"Wewe nawe, roho hiyo umeitoa wapi? Si ndiye aliyekuuguza juzi?"

"Hafi, bibi. Umeme unakatika sasa hivi."

Jumana alikuwa akicheza mchezo huo kwenye kiwango kigumu kuliko vyote, ambacho uamuzi ukishahifadhiwa haufutiki tena. Lakini waliotengeneza mchezo hawakuijua Beirut. Kila jioni saa kumi na mbili umeme wa serikali ulikatika kabla jenereta ya mtaa haijawaka, na tukio ambalo halijafika mwisho lilipotea. Hivyo ndivyo alivyokuwa akichungulia njia zote mbili, kisha akirudi kuchagua iliyo njema.

Akabonyeza.

Fundi hakumlaani. Aliegemeza paji la uso kwenye mlango, akamuuliza kama amekula.

Jumana aliitazama taa ya dari. Ilikuwa inawaka. Kwenye roshani ya pili, jirani aliangua kicheko.

"Leo wametusahau, jamani. Washeni mashine za kufulia."

Kwenye skrini, kiganja kiliteleza polepole hadi chini, kikaacha alama.

Bibi aliweka bakuli sakafuni.

"Si umesema hafi?"