Udi Penye Eda

Mwatima alikuwa edani, na mjane wa eda hatakiwi kunukia. Wifi yake alilijua hilo, lakini aliketi naye mkekani akawasha vijiti vya udi, kimoja kimoja.

"Nnachagua wa harusi yangu. Waridi na sandali, upi mzuri?"

"Zima, wifi."

"Nizime nini? Waje wakunuse, wajue kaka yangu umeshamsahau."

Wanawake wa Malindi, waliokuja kumpa pole, walikuwa wakipanda ngazi. Moshi ulishaingia katika kanga nyeupe ya Mwatima, hadi kwenye nywele. Wifi akamtupia vijiti mapajani, vingali vinafuka.

Bibi jirani, aliyetangulia, aliona. Aliinama, akaviokota kwa vidole vyake vikavu, akawageukia wenzake mlangoni.

"Nisemeni mimi," alisema. "Nimewasha udi penye eda, na uzee huu!"