Kilio cha Stoo

Fancy alikuwa ameshaimaliza sehemu ya pili ya ile gemu ya kutisha, na sasa alikuwa anairudia tangu mwanzo, sebuleni kwao Kimulot. Mara ya kwanza alimwacha mwanamke aliyelia ndani ya stoo, ili asimalize risasi. Safari hii alitaka kumwokoa, aone kama mwisho utabadilika.

Kilio kilipoanza, alitabasamu. Kilisikika kama cha mtu halisi. Aliua mazimwi bila haraka, akatafuta ufunguo, akafungua.

Stoo ilikuwa tupu, na kilio kilikuwa kinaendelea.

Akavua hedifoni. Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini kilio kilisikika wazi kutoka nje, kwenye zizi la ng'ombe.

Alimkuta kogo, nyanyake, amelala chini, mguu umepinda vibaya, kucha zimejaa matope kwa kujivuta. Mbwa alikuwa ameshalamba maziwa yote yaliyomwagika.

"Nimekuita mpaka koo limekauka," nyanya alisema kwa taabu. "Ni hii mvua, mtoto wangu. Ikipiga mabati mtu hasikii kitu."

Fancy alipiga magoti, akamshika mkono.

"Ndiyo, kogo," akasema. "Ni mvua."