Zamu ya Kulia Uwanjani

Serikali hutoa fedha za kupanua uwanja wa ndege kulingana na idadi ya wasindikizaji wanaolia, kwa hiyo kila nyumba mtaani kwetu ina zamu. Mama Sekela amewalilia wasafiri asiowajua kila Jumanne kwa miaka sita, na kwa kulia hakuna anayemfikia.

Jumanne hii aliyesafiri ni Sekela mwenyewe. Mama alimkumbatia, akalia kwa kwikwi, na kamera ya mlangoni, inayohesabu wanaolia, ikawasha taa ya kijani.

“Mama,” Sekela aliuliza taratibu, “unanililia mimi, au ni zamu?”

“Swali gani hilo, mwanangu?”

Jioni, kwa mazoea, mama alipakua sahani mbili. Akaisogeza kando ile ya pili, akakaa kungoja machozi ambayo hayangeonwa na kamera yoyote. Alingoja mpaka ugali ukapoa.