Leo Sisi Matajiri

"Vua viatu hivyo, shemeji," mhasibu alimwambia Meneja. "Leo sisi ni matajiri."

Meneja aliitazama miguu yake kwa huruma. Viatu vile, vilivyotoboka penye kidole gumba, vilikuwa na kazi maalumu. Alivitoa kabatini kila walipokuja wakubwa wa kampuni mama, ile iliyo ng'ambo, inayokimiliki kiwanda chao cha sabuni. Wakubwa wakigusia mkopo waliotoa, yeye husogeza mguu mbele, kidole kikachungulia, kisha husema kwa sauti ya msibani, "Hali ngumu." Wafanyakazi walishampa jina hilo. Hata mkewe, akitaka pazia jipya, huwaambia watoto, "Niitieni Bwana Hali Ngumu."

Lakini wiki hii aliyetarajiwa ni mtu wa kodi, na mtu wa kodi si wa kuonyeshwa kidole.

"Narudia mara ya mwisho," mhasibu alisema. Alikuwa mdogo wa mke wa Meneja, basi hakumwogopa. "Kila mwaka tunailipa kampuni mama riba. Riba ni gharama. Gharama inapunguza faida, na faida ikipungua, kodi nayo inapungua. Sasa watu wa kodi wanauliza, huu ni mkopo gani usioisha, na mwenyewe hadai? Wanasema mama kaweka mtaji wake tu, akauvika nguo za mkopo. Wakishikilia hapo, riba yote ya nyuma inahesabiwa faida, na kodi yake tunailipa."

"Na fedha ya tangi?"

"Inakwenda na maji."

Tangi la kuchemshia sabuni lilikuwa limezibwa viraka hadi hujui lipi tangi, kipi kiraka. Alikuwa amejibana kwa muda mrefu, bila kumnong'oneza mtu yeyote wa ng'ambo, ili anunue jipya. Hilo la zamani likipasuka kabla jipya halijafika, nusu ya wafanyakazi wanarudi nyumbani kuangaliana na wake zao.

"Kwa hiyo nimwambie nini?"

"Kwamba deni ni deni. Kwamba mama hana huruma, na wewe unaweza kulipa hata kesho. Na lile neno lako, limeze."

Viatu vizuri vilikuwa bado vinambana mlango ulipofunguliwa. Mlinzi alikuwa na amri mpya: mgeni aletwe moja kwa moja, asiulizwe kitu, maana safari iliyopita alimhoji mtu wa kodi getini mpaka jasho likamtoka, na ujuvi wake ukawagharimu wote. Leo alimwingiza mwanamume mwembamba, sura ngeni kabisa, akiburuta sanduku la magurudumu. Meneja aliliona sanduku. Makaratasi yote hayo.

"Habari za kazi. Mimi natoka..."

"Tunajua unakotoka," Meneja alimkatiza, akimvutia kiti. "Keti, ndugu yangu. Tumekungoja tangu Jumatatu."

"Kumbe? Nami nilidhani nawashtukiza."

"Mwenye hesabu safi hashtuki."

Mhasibu aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mwanafunzi ameiva.

"Basi nisiwazungushe," mgeni alisema. "Huu mkopo wa kampuni mama, ninyi wenyewe mnauonaje?"

"Unaninyima usingizi. Yule mama ana mkono wa chuma. Riba yake ni ile ile ya benki, hapunguzi hata chembe. Ukijidanganya kwamba ni mama, jaribu kuchelewesha."

Mgeni alicheka hadi mabega yakatikisika. "Sikujua kwamba anasifika hivyo. Lakini kulipa je? Nilivyosikia mimi, hapa hali ngumu."

Kulisikia neno lake katika kinywa cha mtu mwingine, Meneja nusura aitike. Mhasibu alimkanyaga chini ya meza.

"Aa, hilo," Meneja alisema, akilegeza tai. "Hilo ni la kuwapoza wa ng'ambo. Mdai ukimchekea, ukimwonyesha meno, ataomba na ulimi. Lakini wewe siwezi kukuficha."

"Nashukuru. Kwa hiyo fedha ipo."

"Ipo."

"Ya kulipa lote?"

Meneja alimtazama shemeji yake. Shemeji yake aliigeuza kompyuta taratibu, mgeni akajionea salio la benki kwa macho yake.

"Lote, na riba juu," Meneja alisema, kifua mbele. "Wakidai leo, kesho natoa. Dawa ya deni ni kulipa."

"Na kiwanda hakitayumba?"

"Kiyumbe, kwani kimelewa?"

Mgeni hakuandika kitu. Alisimama, akaushika mkono wa Meneja kwa mikono yake yote miwili. "Nimezunguka viwanda vingi," alisema, "kila ninapofika napigwa chenga. Mkopo unaoeleweka namna hii ndio kwanza nauona."

Meneja alimtazama mhasibu, mhasibu akamtazama Meneja. Ilibaki kidogo wakumbatiane. Tayari Meneja aliliona tangi jipya likishushwa uani, linang'aa, halina hata kiraka.

Mlinzi akachungulia mlangoni.

"Samahani, bosi. Kuna dada getini anasema ametoka ofisi ya kodi. Nimwingize, ama angoje huyu amalize?"

"Angoje kidogo," mgeni alijibu kwa upole, akitoa simu mfukoni. "Niwapigie kwanza wenzangu kule ng'ambo, niwaambie Meneja analipa kesho."